Iandikwe: Ilani ya Rusizi

Sisi tunaotia saini hapa ni watu wa Rusizi, wilaya ya Rwanda iliyo mpakani na Kongo: wauguzi, wauza dawa, washauri wa afya wa midugudu, kina mama wanaovuka mpaka na sambaza na nyanya, walimu, wakulima wa mpunga wa Bugarama, wavuvi wa kisiwa cha Nkombo, na watu ambao ngozi zao zilibabuka kwa dawa waliyopewa kwa nia njema. Leo tunaanzisha vuguvugu. Kabla ya mengine yote tunataka jambo moja: dawa iliyomdhuru mtu iandikwe kwa jina lake la kitaalamu, katika kadi anayokaa nayo mwenyewe, na kadi hiyo iheshimiwe ng'ambo zote mbili za mto Rusizi.

Anayeishi mbali na mpaka huenda asione uzito wa hilo. Mkazi wa Kamembe anaweza kuandikiwa dawa asubuhi katika kituo cha afya cha kwao, adhuhuri akanunua nyingine Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa ndiko alikopeleka bidhaa, na jioni akaonwa na mshauri wa afya asiyejua lolote kati ya hayo mawili. Huku ameandikiwa kwa Kiingereza, kule kwa Kifaransa. Huku ameambiwa kotrimoksazoli, kule ameuziwa Bactrim, na hakuna aliyemweleza kuwa ni dawa ileile, wala kwamba Fansidar ambayo mama yake alimeza zamani kwa malaria nayo ina salfa. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa jina moja la kimataifa kwa kila dawa, na utaratibu huo umetumika tangu 1953. Sisi tunaouhitaji kuliko wengi bado tunanunua dawa kwa rangi ya boksi.

Hatuzungumzii kichefuchefu, wala usingizi wa dawa ya mafua. Tunamzungumzia mtu anayeanza dawa mpya, siku chache zinapita salama, kisha, mara nyingi kati ya siku ya 4 na ya 28, anashikwa na homa, macho yanakuwa mekundu, mdomo unajaa vidonda hata maji hayapiti, na ngozi inauma ikiguswa kabla haijaanza kuchunika kama ya aliyemwagikiwa maji ya moto. Ugonjwa huo unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani waliouelezea mwaka 1922. Ngozi ikichunika zaidi ya asilimia 30 ya mwili, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hufa. Wanaopona, wapo wanaobaki na macho makavu yenye makovu, na wapo wanaopofuka.

Huku kwetu kuna jibu lililokwisha kuandaliwa: amerogwa. Basi inaanza safari ya kumtafuta adui, jirani anatazamwa kwa jicho baya, ndugu wanagombana msibani, na wakati huo pakiti ya dawa imeshatupwa jalalani na jina lake limepotea. Miaka inapita. Mdogo wa marehemu anaugua, anapewa dawa ileile, na ukoo unasema yule adui amerudi. Tunawaomba wazee wa midugudu, wachungaji, mapadri na maimamu wa Bugarama watusaidie katika hili: kabla ya kumtafuta mchawi, itafutwe pakiti.

Ukoo haukosei unapoona jambo hilo linazunguka nyumba moja. Unakosea pale unapomtaja mtu. Juu ya seli za mwili wetu kuna protini ziitwazo HLA, ambazo kazi yake ni kuzionyesha chembe nyeupe za damu vipande vya kile kilichomo ndani ya seli, ili chembe hizo zijue kama kuna mgeni. Maelekezo ya kuziunda yako kwenye kromosomu ya 6, seti moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na aina zake katika binadamu ni maelfu. Sasa ipo dawa ambayo molekuli yake hujipenyeza ndani ya aina moja mahususi ya HLA na kubadilisha vipande vinavyoonyeshwa. Chembe nyeupe zinadhani mwili umevamiwa, zinaushambulia. Asiye na aina hiyo anameza dawa hiyohiyo na kwenda zake shambani. Mzazi mwenye nakala moja ya aina hiyo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Ndiyo maana tunasema madhara ya dawa ni habari ya familia, na kadi ya mama ina jambo la kuwaambia watoto.

Haya yameshathibitishwa na yanatumika kwingineko. Mwaka 2002 watafiti, miongoni mwao Simon Mallal wa Perth, Australia, walionyesha kuwa mzio mkali wa abakaviri, dawa ya VVU, unafuatana na aina iitwayo HLA-B*57:01. Mzio huo ni mdanganyifu: homa, vipele, kutapika, kikohozi, mwili kuchoka, na kila dozi inauzidisha. Aliyeacha kisha akairudia anaweza kufa ndani ya saa chache. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,956 wa nchi 19. Miongoni mwa waliopimwa jeni kabla ya kupewa dawa, mzio uliothibitishwa kwa vipimo vya kinga haukuonekana hata kwa mmoja. Kwa wasiopimwa ulikuwa asilimia 2.7. Taiwan nako, mwaka 2004, wagonjwa wote 44 waliopata Stevens-Johnson kwa dawa ya kifafa ya karbamazepini walikutwa na HLA-B*15:02. Baadaye watu 4,877 wakapimwa kwanza, wenye aina hiyo wakapewa dawa nyingine, na Stevens-Johnson haikutokea kwa yeyote.

Tungeweza kuishia hapo tukadai vipimo hivyo viletwe Kamembe kesho. Hatudai hivyo, na anayetaka kujiunga nasi aelewe kwa nini.

Kipimo cha Taiwan kimetengenezwa kwa damu ya Taiwan. HLA-B*15:02 ni adimu sana barani Afrika, kwa hiyo kumpima aina hiyo mgonjwa wa kifafa wa hapa kabla ya karbamazepini ni kumtoza pesa kwa utulivu wa bure. Abakaviri nayo ina kisa chake. Huko Entebbe na Kampala, katika utafiti mkubwa wa dawa za VVU ulioitwa DART, wagonjwa 600 waligawanywa: nusu wakapewa abakaviri, nusu nevirapini. Walioshukiwa mzio upande wa abakaviri walikuwa asilimia 2, upande wa nevirapini asilimia 4.7. Damu za baadhi yao zilipochunguzwa, aina 57:01 haikuonekana. Maana yake ni kwamba huenda miongoni mwa walioachishwa abakaviri walikuwapo wenye homa nyingine kabisa. Anayeijua Bugarama na mbu wake haoni ajabu: mzio wa abakaviri unaweza kuitwa malaria, na malaria ikaitwa mzio.

Mtu akisoma hayo atasema, basi Mwafrika hana 57:01, shauri limekwisha. Hapana. Mwaka 2010 Charles Rotimi, mtafiti mzaliwa wa Nigeria, na mwenzake Lynn Jorde walikumbusha kwamba aina hiyo ilionekana kwa Wamasai wa Kenya kwa kiwango cha asilimia 13.6, kwa Waluhya asilimia 3.3, na kwa Wayoruba haikuonekana. Nchi moja, Kenya, jamii mbili, tofauti ya mara nne. Neno Mwafrika kwenye fomu ya hospitali halimwambii daktari chochote kuhusu abakaviri. Na hata hiyo asilimia 13.6 haimwambii kitu kuhusu Mmasai aliyekaa mbele yake, kwa sababu Wamasai wengi hawana aina hiyo.

Hapa tunasimama kidogo, kwa kuwa tuko Rwanda. Nchi hii ilishapimwa pua na urefu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulitoa vitambulisho vyenye kabila, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi, hapa kwetu, Cyangugu ya wakati huo, kama kwingine, kuamua nani aishi. Mtu wa hapa akisikia kwamba kuna watu wanataka kuchunguza damu zetu ili kujua nani ana nini, ana haki ya kuinuka kitini. Tunamwambia hivi: vuguvugu hili halitakubali kipimo, utafiti wala kadi inayotaja kabila. Kadi itataja dawa. Kipimo kikiwapo kitakuwa cha mtu mmoja, jibu lake ni mali yake, na halitatumika kumkisia jirani. Si siasa peke yake inayotufanya tuseme hivyo. Takwimu za Kenya tulizozitaja zinaonyesha kuwa anayetibu kwa kukisia ukoo wa mgonjwa atakosea, na atakosea kwa ujasiri, jambo ambalo ni baya zaidi.

Dada wa 57:01 anaitwa HLA-B*57:03. Wanatofautiana kwa asidi amino mbili tu. Huyu wa pili anapatikana katika eneo letu, na watafiti wa VVU wanamjua kwa wema: wenye kuwa naye, virusi mara nyingi huongezeka polepole mwilini mwao. Abakaviri haimchokozi. Kwa hiyo maabara inayosoma nusunusu, ikaandika tu kwamba mgonjwa ana B57, inaweza kumnyima mtoto wa Nkombo dawa nzuri bila sababu. Na abakaviri bado ni dawa ya watoto wenye VVU. Hiki si kisa cha maktabani.

Mashariki na kusini mwa Afrika hatukukaa kimya katika elimu hii, ingawa mara nyingi tulijifunza kwa gharama ya wagonjwa. Nairobi, mwaka 1991, ilichapishwa habari ya thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu iliyopendwa kwa kuwa rahisi. Kwa wagonjwa wenye VVU, takriban 20 kati ya 100 walipata madhara ya ngozi. Kwa wasio na VVU, kama mmoja. Walikuwapo waliokufa. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri wenye VVU wasipewe dawa hiyo. Tunakitaja kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu kinamkanya anayeiona jeni kuwa ndiyo kila kitu. Urithi wa wagonjwa wale wa Nairobi haukubadilika kwa kuingia VVU. Kilichobadilika ni kinga yao. Blantyre, Malawi, watafiti walionyesha mwaka 2013 kuwa Stevens-Johnson ya nevirapini inafuatana na HLA-C*04:01, lakini aina hiyo wanayo watu wengi ambao nevirapini haikuwafanya chochote. Hata hiyo 57:01, karibu nusu ya walio nayo huimeza abakaviri wasidhurike. Jeni ni onyo. Hukumu inatokana na mambo mengi, na daktari anayetaka kuheshimiwa nasi atatuambia hivyo waziwazi.

Tusieleweke vibaya katika hili: hatumwambii mtu aache dawa. Dawa za VVU zimewarudisha mashambani watu ambao mwaka 2000 tulikuwa tukiwachimbia makaburi. Nevirapini, iliyotutisha zaidi, imeipisha dolutegravir kwa wagonjwa wengi. Mwenye kifua kikuu amalize dozi yake. Atakayetumia jina la vuguvugu hili kuuza majani badala ya vidonge, tutamkana hadharani sokoni Kamembe.

Vilevile hatutaki hofu igeuke ugonjwa wa pili. Mfano ni penisilini. Marekani, kati ya watu 10 walioandikiwa kuwa na mzio wa penisilini, karibu 9 wakipimwa vizuri hukutwa hawana, au uliwaisha kwa kupita miaka. Walitokwa na vipele utotoni, vipele ambavyo labda vilikuwa vya virusi, na neno likabaki kwenye faili maisha yote. Huku kwetu neno kama hilo ni ghali zaidi. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka. Akinyimwa kwa sababu shangazi yake aliwahi kuwashwa, valvu za moyo zitaendelea kuharibika. Mzio wa penisilini wa mzazi si sababu ya kumnyima mtoto. Kwa hiyo kadi yetu itakuwa na sehemu ya kuandika na sehemu ya kufuta, na kufuta kutafanywa na daktari baada ya kupima. Kwa Stevens-Johnson hakuna kujaribu tena, hilo halifutwi.

Kuna madhara yanayofanana na mzio na siyo. Enalaprili na wenzake, dawa za presha zinazotolewa kila siku, zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi, wakati mwingine baada ya miezi au miaka ya kuzimeza bila shida, na tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa watu weusi hupatwa na hali hiyo mara kadhaa zaidi kuliko weupe. Chanzo chake ni kemikali iitwayo bradikinini kuzidi mwilini, na sindano ya mzio haiisaidii sana. Wazee wetu wanakumbuka pia klorokwini na mwasho wake usio na kipele, ule wa kumfanya mtu ajikune usiku kucha. Nao si mzio, na wengi waliacha dozi katikati kwa ajili yake. Wanaohusika na kadi watafundishwa tofauti hizo. Mgonjwa halazimiki kuzijua. Yeye aseme tu nini kilimpata, baada ya dawa gani, siku ya ngapi.

Ndivyo kadi itakavyoandikwa: jina la kimataifa la dawa, tarehe ya kuanza, siku madhara yalipoanza, yalivyokuwa, dawa nyingine zilizomezwa wakati huo. Kwa wagonjwa wa kifafa itaongezwa onyo kwamba aliyebabuliwa na karbamazepini anaweza kubabuliwa pia na fenitoini au fenobarbitali, kwa kuwa zinafanana umbo. Chini yake mstari mmoja: je, kuna ndugu wa damu aliyepatwa na hali kama hii, na kwa dawa ipi? Jina la ndugu halitaandikwa.

Kwa wenye mamlaka tunasema hivi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Rwanda iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kupokea taarifa za madhara ya dawa ni kazi yake. Tunataka taarifa iliyotoka posti ya afya ya kijijini ipate jibu, ili muuguzi aliyejaza fomu usiku ajue kwamba kuna mtu aliisoma. Mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, ilipie matibabu ya aliyebabuka pamoja na ya macho yake, kwa sababu alidhurika akifuata maagizo. Kwa wenzetu wa Bukavu, wa serikali na wa makanisa, tunaomba kadi yetu isomwe dirishani pa dawa, nasi tutaisoma ya kwao.

Kwa wanasayansi tuna neno refu kidogo. Kufikia 2018, kati ya watu wote waliokuwa wameingizwa katika tafiti kubwa za jeni duniani, wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78 na wa Afrika asilimia 2. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa H3Africa walisoma jeni za watu 426 tu kutoka makundi 50 ya lugha barani na wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Watu 426! Tunajua Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha jenetiki ya binadamu, na kwamba wataalamu kama Profesa Leon Mutesa wameijenga fani hiyo hapahapa nchini. Tunawaalika waje Rusizi. Waje na swali linalotuhusu, yaani ni aina zipi za HLA zinazofuatana na madhara ya kotrimoksazoli, alopurinoli, dawa za kifafa na za kifua kikuu kwa watu wanaoishi hapa. Waanze na waliodhurika, si na wanaopita njiani. Damu isivuke bahari bila ridhaa iliyoelezwa kwa lugha ya mtoaji, iwe Kinyarwanda, Kiswahili au Kimashi cha Nkombo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2021 ifuatwe kwa vitendo. Na matokeo yarudi kwa waliotoa damu kabla hayajasomwa kwenye mkutano Geneva. Mtafiti asiyeweza kuyakubali hayo, Kivu ina maeneo mengi mazuri ya kutembelea.

Uanachama hauna ada. Mwanachama ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuwauliza wazazi na ndugu zake dawa zipi ziliwahi kuwadhuru, na kuandika majibu wazee wangali hai. Ya pili ni kumsindikiza kituo cha afya mtu yeyote wa mudugudu wake aliyeanza dawa mpya akapata homa pamoja na vidonda vya mdomo au ngozi inayouma, siku hiyohiyo, na pakiti mkononi. Dawa inayoshukiwa isimamishwe mara moja kwa agizo la mtaalamu wa afya, na isirudiwe kwa kujaribu. Mwanachama hatoi dawa wala haagizi dawa.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachozungumzwa kwenye vivuko vya mpakani vya Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili na wanaovuka kila siku. Nakala ya Kinyarwanda itabandikwa kwenye ofisi za tarafa, ya Kifaransa itapelekwa kwa wafamasia wa Bukavu, na kwa Nkombo ilani itasomwa kwa sauti. Mkutano wa kwanza utafanyika Kamembe baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njooni na pakiti za dawa zote mlizo nazo nyumbani, hata zilizokwisha, hata zile za Bukavu zilizochanika lebo. Mfamasia atakuwapo, kadi ni bure, na asiyejua kuandika ataandikiwa.